Johannes Rebmann: Mtu Aliyekaa Rabai

Siku ya yubile ni siku ya kuhesabu miaka na kuwataja waliotutangulia. Katika kijitabu hiki mtawaona walioanzisha kwaya yetu, waliotufundisha sauti nne na waliotushonea kanzu za kwanza. Lakini wimbo wa Kiswahili tunaouimba kila Jumapili ulikuwa na safari ndefu kabla haujafika kinywani mwetu. Kwa hiyo tumeona vema kuweka humu maisha ya mtu mmoja wa zamani ambaye wengi wetu tulisoma jina lake shuleni, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau.

Jina lake ni Johannes Rebmann. Katika vitabu vya historia ametajwa kwa mstari mmoja tu: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro, mwaka 1848. Mstari huo ni wa kweli, lakini unasimulia siku moja tu. Mtu huyu aliishi Rabai, nyuma ya Mombasa, kwa miaka 29. Hapo ndipo alipoweka nyumba, akaleta mke, akazika, akazeeka na kupofuka. Hayo ndiyo tunayotaka kuyasimulia leo.

Kutoka Gerlingen hadi Mombasa

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, kusini mwa nchi tunayoiita leo Ujerumani. Watu wa kwao walikuwa wakulima. Alipokuwa kijana alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, kisha akaendelea na masomo Islington, London, chini ya shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, ambalo wazee wetu walizoea kuliita CMS.

Wakati huo Mombasa alikuwako Mjerumani mwenzake, Dakta Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amefika tangu mwaka 1844. Krapf alikuja na mkewe Rosine. Miezi michache baada ya kufika, mnamo Julai, Rosine alijifungua mtoto wa kike wakati homa imewashika wote nyumbani. Mama alifariki, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi hilo lipo hadi leo. Krapf alibaki peke yake na kamusi yake na tafsiri ya kitabu cha Mwanzo, aliyoianza mwezi mmoja tu kabla ya msiba kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. Tusisahau jambo hilo: Maandiko yalipoanza kuandikwa kwa Kiswahili cha Mombasa, mwalimu wa lugha alikuwa sheikh wa Kiislamu aliyemsaidia mgeni kwa moyo mweupe.

Rebmann alishuka Mombasa tarehe 10 Juni 1846, akiwa na miaka 26. Haukupita muda mrefu naye akashikwa na homa.

Nyumba ya kilimani

Wazee wa Rabai walikubali kuwapokea wageni hawa wawili na kuwapa mahali pa kukaa Kisulutini, Rabai Mpya. Tarehe 25 Agosti 1846 walifunga safari kutoka kisiwani. Wote wawili walikuwa wagonjwa. Walikuwa na punda mmoja, wakapokezana kumpanda, na mlima wa Rabai ukawatoa jasho. Mtu anayepanda kilima kile leo kwa matatu hawezi kujua jinsi ulivyo mrefu kwa mwenye malaria.

Maisha ya kila siku yalianza kama yanavyoanza kwa kila mgeni: kutafuta kuta na paa. Nyumba ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa kwa makuti, nao wamisionari walishika kazi kwa mikono yao wenyewe. Mahitaji mengine yalitoka kisiwani: mashua ilipanda mkono wa bahari hadi karibu na Rabai, kisha mizigo ikapanda kilima kichwani mwa wachukuzi. Barua za Ulaya zilikuja kwa vyombo kupitia Unguja. Habari za msiba wa nyumbani zingeweza kumfikia mtu miezi mingi baada ya matanga kwisha.

Warabai ni mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda. Walikuwa na kaya zao msituni, wazee wao, vyeo vyao na sheria zao. Palikuwa na minazi na tembo lake, mashamba ya mahindi na muhogo, mazishi yenye ngoma za siku kadhaa, na waganga waliosikilizwa na kila mtu. Palikuwa pia na mwanza, ngoma ya siri ya wazee, ambayo sauti yake iliposikika wanawake na wote wasioruhusiwa kuiona walijifungia ndani. Wamisionari walikaa ndani ya maisha hayo kama wageni wasiojua mila. Waliyaona mengi na kuyaandika, na mengi waliyahukumu kwa ukali. Rebmann hakuwa mtu mwepesi. Alikuwa mkali juu ya mila, na mara nyingi aliliita giza jambo ambalo hakuwa amelielewa bado. Ni lazima tuseme hivyo, kwa sababu watu wa Rabai waliompokea ni babu zetu nao, na ukarimu wao ni sehemu ya habari hii.

Ibada za mwanzo hazikuwa na watu wengi. Baadhi ya waliokuja walitaka kujua watapewa chakula gani wakija tena Jumapili ijayo. Tusiwacheke. Mgeni amekuja na kitu ambacho hukumwomba. Ni haki kumuuliza amekuja na nini kingine.

Mwavuli na mlima

Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Alitaka vituo vya misheni vifuatane kutoka Rabai hadi upande wa pili wa Afrika. Rebmann ndiye aliyetumwa kwanza kwenda bara. Mwaka 1847 alifika Kasigau katika nchi ya Taita. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, alianza safari ya Uchaga pamoja na watu wachache. Kiongozi wa njia alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyejua njia za biashara na kuaminiwa na machifu. Rebmann mwenyewe alishika mwavuli.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alipouliza, kiongozi wake hakuwa na neno la theluji, akakiita kwa Kiswahili baridi. Rebmann, mtoto wa nchi yenye majira ya kipupwe, alielewa mara moja. Wachaga walikuwa wameishi chini ya mlima huo tangu kale na walijua vema ni nini kilichoko juu. Yeye alikuwa tu Mzungu wa kwanza kuuona na kuuandika.

Habari zake zilipochapishwa London mwaka 1849, wataalamu waliokaa mezani walimkatalia. Waliona haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Mmoja wao, William Desborough Cooley, aliendelea kumpinga kwa miaka. Rebmann hakuwa na namna ya kujitetea kutoka Rabai. Hata Krapf, aliyeuona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, alikataliwa vilevile. Ilikuwa hadi mwaka 1861, baron wa Kijerumani aitwaye Karl Klaus von der Decken alipoupanda Kilimanjaro kwa sehemu, na kurudi tena mwaka uliofuata, ndipo ubishi ulipokwisha.

Lakini safari zilikuwa zimekwisha kwa Rebmann mapema zaidi. Mwaka 1849 alienda Uchaga mara ya tatu, akikusudia kupita hadi Unyamwezi. Huko Machame, Chifu Mamkinga alimtoza zawadi juu ya zawadi hadi vitu vyote vya safari vikaisha. Akarudi mikono mitupu, mgonjwa na mwenye huzuni. Tangu hapo alianza kuamini kwamba kazi yake haikuwa kupita nchi nyingi bali kukaa katika moja.

Bi Emma

Mwaka 1851 Rebmann alisafiri hadi Misri, na huko Cairo akamwoa Emma Tyler, mjane Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya misheni mjini humo. Mwaka 1852 wakarudi pamoja Rabai. Sasa Kisulutini palikuwa na mama wa nyumba.

Habari za wake wa wamisionari huandikwa kwa wino mchache. Waume waliandika taarifa, wake waliendesha nyumba. Fikirini, akina mama wa kwaya: mwanamke aliyelelewa Uingereza anajifunza kupika kwa vyakula vya pwani, kuhifadhi unga usiingie wadudu, kuuguza homa ya mume kisha yake mwenyewe, na kupokea wageni kwa lugha ambayo bado anaitafuta. Hakuwa na dada wala mama karibu. Majirani zake walikuwa wanawake wa Rabai, na wao ndio waliokuwa watu wake. Mungu aliwapa Rebmann na Emma mtoto mmoja tu, naye akafariki akiwa mchanga. Hawakupata mwingine.

Wenzao walipungua mmoja baada ya mwingine. Johannes Wagner, aliyekuja mwaka 1849, aliishi majuma machache tu. Christian Pfefferle naye alifariki mapema. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Jakob Erhardt, aliyekuwa amechora pamoja na Rebmann ramani ya bara yenye ziwa kubwa lililosimuliwa na wafanyabiashara, aliondoka mwaka 1855. Ramani hiyo ndiyo iliyowasukuma wasafiri Burton na Speke kuja. Mwanzoni mwa mwaka 1857 walifika Rabai, wakapokelewa Kisulutini, na Rebmann akapata nafasi ya kuandamana nao kwenda kuyatafuta maziwa. Hakwenda. Wao wakapata sifa ya maziwa; yeye akabaki na bustani yake na vitabu vyake.

Mwaka huohuo mashambulizi ya Wamaasai yalifika hadi pwani, na watu wa Rabai wakatawanyika. Rebmann na Emma walilazimika kukimbilia kisiwani, kisha Unguja, wakakaa huko kwa muda. Wengi wangechukua nafasi hiyo kurudi Ulaya. Wao walirudi Rabai.

Kazi ya maneno

Basi alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo, ikiwa waumini walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole? Alikuwa akikusanya maneno.

Rebmann alifanya kazi katika lugha tatu. Ya kwanza ilikuwa lugha ya Warabai. Ya pili Kiswahili. Ya tatu ilikuwa lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, ambao hakufika kwao kamwe. Aliipata kwa mtu aitwaye Salimini, aliyetekwa kwao na kuletwa Mombasa kama mtumwa. Tangu mwaka 1853 walikaa pamoja, neno kwa neno: jina la mti, jina la samaki, namna ya kusalimu, namna ya kulia msiba. Salimini alikuwa amenyang'anywa nyumba, jamaa na uhuru, lakini lugha ya mama yake hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, na jina la Rebmann liko juu yake. Ni haki katika yubile hii kulitaja na la Salimini.

Kwa Kiswahili alitafsiri Injili ya Luka, ikachapishwa mwaka 1876. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena. Watu wa shirika lake waliokuwa wakingoja matunda walichoka naye. Walimwona kama mtu anayechimba shimo moja siku zote. Yeye aliona kwamba neno likikosewa leo, litakosewa katika kila kinywa kitakacholisoma kesho.

Mwaka 1864 walifika wasaidizi kutoka India. Walikuwa Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini na meli za Kiingereza na kulelewa katika misheni karibu na Bombay. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler pamoja na wake zao. Kwa mara ya kwanza nyumba ya Kisulutini ilikuwa na familia kadhaa za Kikristo, na wengi wao walikuwa Waafrika waliorudi Afrika kama wageni.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1866, Emma alifariki na kuzikwa Rabai. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na mitano.

Macho yanapofifia

Baada ya hapo Rebmann hakuondoka. Macho yake yalianza kufifia. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuhusu biashara ya watumwa, alipozuru Rabai mwaka 1873, alimkuta mzee huyu karibu haoni kabisa, na waumini wachache sana wamemzunguka. Kwa jicho la mgeni ilikuwa picha ya kazi iliyoshindwa: zaidi ya robo karne, na kanisa lisilojaza chumba.

Hapa kila mmoja wetu na ajiulize kwa haki. Je, ilikuwa bure? Si swali la kujibiwa haraka kwa Amina. Mtu alizika mke na mtoto, akapoteza macho, na alipogeuka nyuma aliona watu wachache tu. Wala hakuona yaliyokuja baadaye.

Mwaka 1875 alikubali kuondoka. Alikuwa hajaiona nchi yake kwa miaka 29. Aliyemshika mkono hadi melini, na kusafiri naye mpaka Ulaya, ni kijana Mrabai, Isaac Nyondo, aliyezaliwa katika jamaa ya waumini wa kwanza. Wakaenda hadi Korntal, karibu na alikozaliwa, ambako Krapf naye alikuwa akiishi uzeeni. Mtu aliyepata sifa kwa kitu alichokiona alirudi nyumbani akiongozwa kama mtoto. Huko ndiko alikofariki tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na miaka 56. Krapf alimfuata mwaka 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka uliofuata.

Yaliyobaki

Yaliyokuja baadaye ni haya. Kituo cha Rabai kikawa kimbilio. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipanda kilima kilekile na kujenga vibanda kuzunguka misheni, na aliyewasimamia kwa uthabiti alikuwa William Jones, yule aliyekuja kumsaidia Rebmann. Wenye watumwa walipodai warudishwe, mambo yalifika karibu na vita. Mwisho malipo yalitolewa, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu elfu moja walipewa hati zao za uhuru hapo Rabai. Kama nyumba ya Kisulutini ingefungwa katika mwaka mmojawapo wa miaka ile mikavu, watu hao wasingekuwa na mahali pa kukimbilia.

Kanisa la Rabai lipo. Nyumba za wamisionari zipo, na ukienda utaonyeshwa ya Krapf na ya Rebmann. Na lugha ipo. Wengi walioshika kalamu baada yao walianza na maneno yaliyokwisha kukusanywa na akina Sheikh Ali, Salimini, Krapf na Rebmann. Tunapofungua kitabu cha nyimbo, tunakanyaga njia waliyoifyeka.

Kwa nini tumechagua habari hii kwa kwaya? Kwa sababu kwaya yetu nayo imekuwa na jioni za mazoezi ambapo mvua ilinyesha wakaja watu wanne, mmoja wa sauti ya tatu na hakuna wa sauti ya nne. Imekuwa na miaka ambayo vijana walihamia mjini, kinanda kikaharibika, na watu wakauliza kama kuna haja ya kuendelea. Wako waliobaki. Hawakuwa waimbaji bora kuliko wote, na majina yao hayakutangazwa sana. Walifungua mlango wa kanisa kila Alhamisi, wakawasha taa, wakaanza kwa sauti waliyokuwa nayo.

Hao wako humu kanisani leo, baadhi wamekaa viti vya nyuma, na baadhi wanahitaji kushikwa mkono kama Isaac Nyondo alivyomshika mzee wake. Ibada ikimalizika, kabla ya kwenda kwenye chakula, watafuteni. Wasalimieni kwa majina yao. Kisha Alhamisi ijayo, njooni mazoezini.